Injini kubwa iliniaibisha mbele ya shemeji

Alhamisi usiku nimepata ujumbe wa msomaji kutoka Tabora. "Kaka, nimepata gari la rimoti la skeli ya 1/5. Bodi ipo, matairi yapo, injini hamna. Nifunge ya 23cc au nipande moja kwa moja 32cc? Mimi napenda moto."

Nilicheka peke yangu sebuleni mpaka mke wangu akauliza kuna nini. Hilo la "napenda moto" nililisema mimi, neno kwa neno, miaka mitatu iliyopita. Nilimwambia muuzaji mmoja, naye akanielewa vizuri mno.

Gari langu nalo ni la skeli hiyo, yaani moja ya tano ya gari la kweli, umbo la Baja 5B ya kampuni ya HPI, nakala ya Kichina, zaidi ya kilo 10 likiwa na mafuta. Lilikuja na injini ya 23cc iliyochoka (cc ni ujazo wa silinda; namba ikikua, injini imekua). Ilikuwa inawaka, inatembea, lakini nilikuwa nimeshaanza kuangalia video za magari yanayorusha matairi ya mbele, na mtu akishafika hapo hasikii la mtu. Muuzaji akanitumia picha ya 32cc: "Hii mnyama, kaka." Sikuuliza ina kabureta gani. Sikuuliza klachi yangu itaiweza au la. Nilituma hela jioni ileile, hela ambayo kwa haki ilikuwa ya tangi la maji la nyumbani. Mke wangu tangi analikumbuka mpaka leo.

Sasa hapa ndipo mtego ulipo, na nataka kijana wa Tabora anisikilize. Injini hizi nyingi zinafuata ramani ya Zenoah wa Japani, watu waliokuwa wakitengeneza mashine za kufyekea majani na misumeno. Piga hesabu uone. G230, yaani ile ya 23cc, ina silinda yenye kipenyo cha mm 32, na pistoni inapanda na kushuka mm 28. G260 kipenyo ni 34, G290 ni 36, G320, ndiyo ile ya 32cc, ni 38. Mwendo wa pistoni ni uleule 28 kwa zote! Kwa hiyo kubwa na ndogo kwa nje karibu zinafanana, na 32 inakalia kitako kilekile cha 23. Unaitua, bolti zinaingia, unajipongeza kwamba umefunga injini. Hujafunga kitu. Umeiweka tu.

Mimi niliiweka Jumapili moja kuanzia saa mbili asubuhi. Saa nane mchana bado navuta kamba. Nilivuta mpaka bega likawaka moto, watoto wa jirani wakaacha mpira wakaja kunihesabia. Plagi ilikuwa inatoa cheche, tangi lina mafuta, lakini plagi nikiifungua ni kavu. Siku ya pili yake ndiyo nikaja kugundua kwamba gasketi ya kabureta nimeigeuza. Kabureta hizi hazina pampu inayozungushwa na kitu; zina kiwambo chembamba kinachopumua kwa msukumo wa hewa kutoka tumboni mwa injini, kupitia kitundu kidogo kinachopita kwenye gasketi na kwenye kile kipande cheusi cha plastiki kati ya kabureta na silinda. Ukigeuza gasketi, kitundu kinazibwa. Hapo hata uvute kwa trekta, mafuta hayaji.

Nikaigeuza, injini ikawaka. Ungeniona! Lakini kwa fungua-funga ile gasketi ilikuwa imeshachanika pembeni. Mtu mwenye akili angeagiza nyingine. Mimi Idi ilikuwa keshokutwa, na shemeji yangu nilishamwambia aje aone gari. Nikachukua ile gundi nyeusi ya silikoni inayozibia sampu za magari, lile bakuli la oili chini ya injini, nikapaka pande zote, nikakaza.

Idi Mosi tukaenda Kigamboni, kwenye kiwanja kimoja cha changarawe karibu na ufukwe. Ukoo mzima, na pilau kwenye mahotipoti. Nikawasha, ikatoa mlio ambao ile 23 haikuwahi kuutoa maisha yake yote. Nilipokuwa naachia triga, injini haikushuka mara moja. Ilibaki inalia juu juu sekunde mbili tatu, halafu ndiyo inarudi kwenye sailensa, ule mlio wa chini wa injini isipokanyagwa. Mimi nikaona ni sifa. Nikamwambia shemeji, "Unasikia? Ina nguvu mpaka haitaki kutulia."

Dakika chache baadaye, katikati ya kiwanja, ikanoki. Gari liliburura matairi ya nyuma, likasimama, na nilipovuta kamba ilikuwa ngumu kama imechomelewa. Shemeji alikuwa anarekodi. Video ilifika kwenye kundi la WhatsApp la familia kabla hatujapanda pantoni kurudi, na mwishoni inasikika sauti ya mama mkwe akiuliza, "Ndiyo hiyo iliyokula hela ya tangi?"

Nimesamehe. Ila sijafuta.

Jumatatu niliipeleka mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam, kwa mzee mmoja anayetengeneza mashine za kufyekea na misumeno. Nilikwenda kwake kwa shingo upande, maana nilidhani gari la rimoti ni teknolojia, si mambo ya mashine za majani. Aliishika, akainusa, akafungua kabureta, akavuta ile silikoni yangu kwa kucha. Ilitoka laini, inavutika kama jojo iliyotafunwa.

"Mjomba," akasema, "hii siyo sampu ya Noah. Petroli inakula hii gundi."

Akanionesha plagi: nyeupe kama chaki. Akanionesha pistoni: upande mmoja imekwanguka, alumini imepakaa ukutani mwa silinda. Akanieleza kwa maneno machache nitakayokumbuka kuliko shule yangu yote ya ufundi. Hewa ilikuwa inaingia pembeni ya gasketi bila kupita kwenye kabureta. Hewa ikizidi, mafuta yanapungua. Na kwa injini ya tustroki, ambayo oili inachanganywa kwenye petroli, mafuta ndiyo yanabeba oili, kwa hiyo ukiinyima petroli umeinyima na oili. Inapata joto, pistoni inavimba, inakwama. Ule mlio wa kukataa kushuka niliousifia mbele za watu ndiyo ulikuwa dalili yenyewe. Injini ilikuwa inaomba msaada, mimi napiga makofi.

Ile 32 sikuirudisha barabarani. Nilikaa miezi mitano bila injini, nikanunua tangi la maji kwanza (amani ya nyumba ina bei yake), kisha nikachukua 26cc ya bolti nne kwenye silinda. Za bolti mbili bado zipo na zina bei nzuri, lakini nne zinabana sawasawa na hazivujishi upesi. Niliifunga kwa siku tatu. Mimi, mtu wa haraka, siku tatu! Gasketi zote mpya, hakuna gundi hata tone. Bolti za kipande cha plastiki na za bomba la moshi nilizipaka loktaiti, dawa ya kuzuia bolti zisilegee, nikawa nakaza huku kidogo na kule kidogo badala ya kumaliza upande mmoja, kisha nikarudia kuzikaza injini ilipowaka mara ya kwanza na kupoa. Koili inayotoa umeme wa plagi na flaiwili, lile gurudumu linalozunguka kando yake, niliziachia nafasi ya unene wa kadi ya biashara. Skrubu mbili za kabureta nilianza na raundi moja na robo kila moja, halafu nikasikiliza. Ikitulia kwenye sailensa nikapulizia dawa ya kusafishia kabureta kuzunguka maungio. Mlio ukibadilika ujue kuna mahali inavuta hewa. Haukubadilika. Nilikaa chini pale uani nikaiangalia tu inavyounguruma.

Injini ile ina miaka miwili sasa. Plagi yake ina rangi ya kahawa ya kijiweni. Oili ni mililita 40 kwa kila lita ya petroli, na napima kwa bomba la sindano, sipimi kwa kizibo cha chupa kama wengine ninaowajua. Sponji ya chujio la hewa naipaka oili yake kila ninapotoka mchangani, kwa sababu mchanga wa pwani ni msasa, hauulizi injini yako ni ya bei gani.

Kwa hiyo swali la 23 au 32 limekaa kichwa chini. Anza na unapoendeshea. Kama ni kiwanja cha shule chenye mita sitini, 32 itakufikisha ukutani kabla haijachanganya. Halafu tazama gia. Kwenye Baja gia ndogo na kubwa jumla ni meno 74: 17 kwa 57 ndivyo linavyotoka kiwandani, na ukitaka kasi unaweza kwenda 19 kwa 55. Watu wengi wanaotaka injini mpya kwa kweli wanataka gia mpya, ambayo ni hela ndogo sana. Halafu klachi, halafu difu, kwa sababu nguvu yote ya 32 lazima ipite humo, na kisichoiweza kitavunjika, nawe utasema injini ni mbaya. Injini iwe ya mwisho kwenye orodha. Mimi niliifanya ya kwanza.

Tena nisisahau, maana hili si la aibu tu, ni la hatari: hakikisha risiva, kile kifaa cha ndani ya gari kinachopokea amri za rimoti, imewekwa ijirudishe kwenye breki mawasiliano yakikatika. Kilo 10 zinazokimbia zenyewe kuelekea watoto waliokuja kutazama, hapo hakuna wa kukusaidia.

Najua vijana hawapendi kuambiwa. Tunapenda namba kubwa, kwenye simu, kwenye gari, hata kwenye spika. Mtu ana 32cc hajui hata plagi yake ina rangi gani, na anakuja kumcheka mwenye 23 inayowaka kwa kamba mbili. Nimeshachekwa na watu wa aina hiyo pale kiwanjani, na wawili kati yao nimewakokotea magari yao mpaka kwenye pikapu. Sikusema kitu. Sawa, nilisema kidogo.

Shemeji alikuja tena Jumapili iliyopita. Aliomba rimoti, nikampa, akazungusha gari mpaka tangi likaisha. Nilimrekodi. Ile video nimeituma kwenye kundi la familia saa tatu usiku, na hadi naandika hapa hakuna aliyejibu zaidi ya mama mkwe, aliyeweka dole gumba.

Wewe wa Tabora, usinunue chochote wiki hii. Hesabu meno ya gia zako, piga picha klachi ikiwa wazi, pima urefu wa kiwanja chako kwa hatua, kisha nitumie vyote kwa pamoja.