Maswali ya Wasomaji: Kutuni Dupleksa ya Ripita

Mhariri, klabu yetu ya redio za ridhaa imepata dupleksa kuukuu (kichujio kinachowezesha antena moja kurusha na kupokea kwa wakati mmoja) ya makopo sita. Ripita (kituo kinachopokea ishara na kuirusha upya papo hapo) inapokea 145.000 MHz na kurusha 145.600 MHz. Tuna NanoVNA tu, kile kipimo kidogo kinachochora grafu ya ishara inayopita na inayorudi. Tuanzie wapi?

Anzeni kwa kuitenganisha. Msijaribu kutuni makopo sita yakiwa yameunganishwa, maana kila skrubu mtakayogusa itavuruga kopo la jirani na hamtajua kosa lilikotoka.

Makopo matatu ni ya upande wa risiva, matatu ya upande wa transmita. Kila kopo lina kazi mbili: kupitisha masafa yake (kwenye grafu ni kilele) na kuzuia masafa ya mwenzake (bonde). Upande wa risiva una kilele kwenye 145.000 na bonde kwenye 145.600. Upande wa transmita ni kinyume chake. Wengi hushangaa kwa nini transmita izuiwe kwenye 145.000 ilhali hairushi hapo. Ukweli ni kwamba kila transmita humwaga kelele kidogo pembeni mwa masafa yake, na kelele ikishaangukia kwenye masafa ya kupokea, risiva haina namna ya kuichuja. Dawa yake ni bonde la upande wa transmita peke yake.

Wekeni kipunguza nguvu cha 10 dB kwenye kila mlango wa NanoVNA ili kopo lione omu 50 halisi, kisha fanyeni kalibresheni vikiwa tayari vimefungwa. Upana wa 144.5 hadi 146.1 MHz unatosha; mkipanua zaidi, nukta za kipimo zitaachana na ncha ya bonde itarukwa.

Chukueni kopo moja. Zungusheni fimbo ndefu ya katikati mpaka mawimbi yanayorudi kwenye masafa ya kupitisha yawe madogo kabisa, 20 dB chini au zaidi. Fimbo ikizama ndani, masafa hushuka, ikitoka, hupanda. Baada ya hapo geukieni kapasita ndogo ya kwenye kitanzi (waya unaoingiza ishara ndani ya kopo), mlete bonde mahali pake. Kopo zuri la ukubwa huu hutoa takriban 30 dB. Rudini kwenye kilele, kwa kuwa kapasita imekisogeza, kisha bonde tena. Mizunguko mitatu huwa inatosha. Kazeni nati ya fimbo na kupima upya, kwani kukaza kwenyewe husogeza masafa, na hapa ndipo kazi nyingi nzuri huharibika dakika ya mwisho.

Makopo yote yakiwa tayari, yaunganisheni. Kebo kati ya kopo na kopo kwa kawaida ni robo ya urefu wa wimbi. Kwa 145.3 MHz hiyo ni sm 51.6 hewani, na sm 34 hivi kwa kebo ya RG-214, ambayo ndani yake wimbi husafiri kwa asilimia 66 ya kasi ya mwanga. Urefu wa ndani ya konekta umo katika hesabu hiyo, hivyo kama kebo za awali ni nzima, msizibadilishe. Pimeni upande mmoja huku mlango wa upande wa pili umezibwa kwa mzigo wa omu 50. Upotevu wa 1.5 dB kwenye kilele ni wa kawaida: wati 50 zinazoingia hutoka 35. Ukifika 3 dB, nusu ya nguvu imebaki kwenye makopo, na mara nyingi chanzo ni kitanzi chenye kutu au konekta iliyolegea.

Sasa tahadhari. Bonde la makopo matatu hufika 90 dB, lakini NanoVNA huishia karibu 70 dB. Mstari ukianza kutetemeka kama nyasi, hiyo ni sakafu ya kipimo. Ili kuona zaidi, tumieni jenereta ya mawimbi na risiva. Tafuteni kiwango ambacho risiva inasikia kwa shida moja kwa moja, tuseme −119 dBm (dBm ni kipimo cha nguvu ya ishara), kisha pitisheni ishara kwenye dupleksa na kuongeza jenereta mpaka isikike vilevile. Ikifika −29 dBm, bonde lenu ni 90 dB.

Grafu zetu ni safi, ila transmita ikiwaka risiva inakuwa kiziwi. Tatizo ni dupleksa?

Ondoeni antena, mfunge mzigo bandia unaohimili nguvu yote, na ishara dhaifu iingizwe kupitia kiunganishi hafifu, yaani kinachopitisha sehemu ndogo tu ya ishara. Uziwi ukiisha, dupleksa haina kosa: kagueni antena, kikinga radi, konekta zilizoingia maji na vyuma vyenye kutu vinavyogusana mnarani. Ukibaki, angalieni kebo za ndani. RG-58 yenye wavu mmoja huvujisha, na LMR-400, nzuri kama ilivyo kwingineko, haifai kwenye ripita. Karatasi yake ya alumini ikisuguana na wavu wa shaba iliyopakwa bati huzalisha kelele. Tumieni RG-214, RG-400 au RG-142, na konekta za aina ya N. Jaribuni pia kutenga transmita na risiva kwenye maboksi ya chuma yaliyofungwa vizuri, maana ishara inayopenya hewani haipiti kwenye dupleksa hata kidogo.

Dupleksa ndogo bapa ya gari inaweza kutumika kwenye mita 2 (bendi ya karibu 145 MHz)?

Kwa tofauti ya 600 kHz, hapana. Vikopo vyake ni vidogo mno, mabonde yake ni mapana, na hutengenezwa kwa tofauti ya takriban 5 MHz. Ukilisogeza bonde karibu na kilele, kilele nacho kinazama. Kwenye bendi ya sentimita 70 (karibu 430 MHz), ambako tofauti ya 5 MHz hutumika, inafanya kazi vizuri kwa nguvu ndogo.