Saa 16 barabarani kwenda kwa kaka: kimbunga kikija, ondoka mapema

Wiki iliyopita nimepata meseji ya dada mmoja, yupo huku huku Florida, Marekani, ananiuliza "dada nipo zoni B, nina watoto wawili, msimu wa vimbunga ndo huu, kikija nikae au niondoke?" Zoni ni maeneo yaliyogawanywa kwa herufi, kuonyesha nani aondoke kwanza maji ya bahari yakija. Nikamjibu kifupi tu, ondoka, na ondoka mapema. Halafu usiku usingizi ukakataa kabisa, maana hilo jibu mimi nililipata kwa gharama kubwa, nikaona bora niandike yote.

Mwaka 2024 sisi wa St. Petersburg, mji wa huku Florida, tulipigwa mara mbili ndani ya wiki mbili. Cha kwanza kilikuwa Helene, usiku wa tarehe 26 Septemba. Mimi nilikuwa nakaa zoni A, amri ya kuondoka ilishatoka, simu ikalia ule mlio wa tahadhari nikaizima. Nilijisemea kimbunga chenyewe kinaenda kutua kule juu kaskazini karibu na mji wa Perry, mbali na sisi zaidi ya maili 100, halafu jirani yangu mzee amekaa pale miaka yote na haondoki, basi na mimi siondoki.

Jamani. Ni kweli kilitua huko mbali, ila bahari ilikuja kwetu. Maji ya ghuba ya Tampa yalipanda zaidi ya futi 6. Na wala hayakuja kwa kishindo kama nilivyokuwa nafikiria, yalianza kutokea kwenye tundu la bafuni, taratibu, yananuka chumvi na mafuta ya gari, halafu chini ya mlango, nikabandika mataulo, baada ya muda kidogo mataulo yenyewe yanaelea. Friji ikainuka ikalala ubavu. Nikapanda juu ya meza ya jikoni na begi la vyeti kifuani, nikakaa hapo mpaka kunakucha, giza totoro, nasikia vitu vinagongana gongana humu ndani. Gari ilipona kwa sababu mchana niliiacha ghorofa ya tatu kwenye maegesho ya kazini. Yaani gari nililipeleka juu, mimi mwenyewe nikabaki chini.

Kuanzia siku hiyo nilielewa kitu kimoja, nakirudia kwa kila mtu. Ile namba ya kategori, 1 mpaka 5, wanayokipa kimbunga inapima upepo peke yake. Haikwambii maji yatafika wapi. Zoni ndo inakwambia, A mpaka E, na ni zoni ya kuondoka, usiichanganye na ile ramani ya mafuriko ya watu wa bima, hizo ni ramani mbili tofauti. Angalia zoni yako leo jua likiwaka, usisubiri siku mtandao umezidiwa.

Sasa niseme ukweli ambao sikumwandikia yule dada. Mimi pa kwenda nilikuwa napo. Kaka yangu mkubwa anaishi Atlanta, jimbo la Georgia, kaskazini mwa Florida. Ila tulikuwa hatusemeshani miaka miwili, tangu msiba wa mama. Ilikuwa ni hela ya michango, nani alikusanya, nani alituma nyumbani, nani alisema nini mbele ya watu. Mimi nilionekana nimekula hela ya msiba wa mama yangu mzazi, na kaka alikaa kimya wakati alikuwa anajua sio kweli. Hilo lilinikaa. Mpaka leo naandika hapa bado linauma kidogo, siwezi kudanganya. Kwa hiyo siku ya Helene nilikaa juu ya meza kuliko kupiga ile simu.

Halafu kikaja kimbunga cha pili, Milton. Hata hatujamaliza kutoa magodoro, kila mtaa una mlima wa makochi na kuta za ndani zilizobomolewa, zimerundikwa barabarani zinasubiri kuzolewa. Jumapili asubuhi tarehe 6 Oktoba kilikuwa bado dhoruba tu huko Ghuba ya Meksiko. Jumatatu mchana kilishafika kategori 5, na baadaye siku hiyo hiyo upepo ukafika maili 180 kwa saa. Siku moja na kidogo! Ndo maana nikisema mapema namaanisha mapema kweli, ukingoja kikue ndo uamini, muda wa kuondoka unakuwa umeshakwisha.

Nikampigia kaka. Ilikuwa mlio wa pili tu akapokea. Nikasema "shikamoo kaka", akaitikia "marahaba mdogo wangu", halafu kimya kidogo, halafu akauliza, "unatoka huko saa ngapi?" Hakuuliza kwa nini nimepiga. Hakutaja mama. Akaniambia wifi yako anatandika chumba cha watoto, jaza mafuta hapo hapo ulipo, usisubiri njiani.

Na hapo ndo alipookoa safari yangu, maana mimi nilikuwa na mpango wa kujaza nikishavuka daraja. Nilikuta sheli mbili pampu zimefunikwa mifuko, ya tatu foleni imezunguka jengo, nikakaa kwenye hiyo foleni, nikajaza mpaka juu. Niliondoka Jumatatu saa 9 alasiri. Siku ya kawaida kufika Atlanta ni mwendo wa kama saa 7 hivi. Mimi nilifika Jumanne saa 1 asubuhi. Saa 16.

Sehemu kubwa ya njia sina la kusema, ni taa nyekundu za magari mbele yako na mguu unauma. Barabara kuu ya I-75 kule Wildwood, bado Florida, ndo kulikuwa hakusogei kabisa, maana barabara ya Turnpike inamwagia magari yake palepale. Pembeni yangu kulikuwa na familia wameshusha vioo, AC wamezima kubana mafuta, mtoto ameshika tanki la samaki mapajani kwa mikono miwili, maji yanacheza kila gari likisogea hatua. Tuliendana nao nadhani saa nzima. Nikawa namwangalia huyo mtoto ili nisilie.

Valdosta, mji wa kusini mwa Georgia, nilipita usiku. Kwenye mwanga wa taa za magari unaona misonobari imekatika katikati kama vijiti, mapaa yamefunikwa maturubai. Hao walipigwa na Helene karibu wiki mbili nyuma, na wako ndani ya nchi, mbali na bahari. Kwa hiyo ukikimbia uangalie na njia ya kimbunga inaelekea wapi, usije ukakimbilia kule kule kinakoenda.

Na sikia, sio lazima uende mbali kama mimi. Hata serikali ya Florida ilikuwa inawaambia watu makumi ya maili yanatosha, sio mamia, cha muhimu utoke kwenye zoni ya maji uingie jengo imara. Mimi nilienda mbali kwa sababu ndugu yangu yupo huko. Kama una rafiki nyumba yake ipo juu, dakika 40 kutoka kwako, nenda kwa huyo. Ila muombe leo. Muulize kabisa, siku ikitokea nije? Sisi tuliokuja huku peke yetu tuna hii tabia ya kujibana, hatutaki kusumbua watu, hatutaki kuonekana tumeshindwa. Acha hiyo. Na kama una ndugu mmenuniana, piga simu kabla ya kimbunga, usimfanye mtu apokee simu yako mara ya kwanza ukiwa unahema. Msimu unaanza tarehe 1 Juni unaisha 30 Novemba, muda wa kupatana upo. Tenki lisishuke chini ya nusu miezi hiyo. Vyeti na paspoti kwenye mfuko usioingia maji. Na ondoka mapema, nishasema, nasema tena.

Milton kilitua Jumatano usiku pale Siesta Key, kusini mwetu, na kwa sababu upepo wake unazunguka kinyume na mshale wa saa, ghuba yetu ikavutwa maji yakatoka badala ya kuingia. Kuna watu wakaniambia unaona sasa, umejisumbua bure. Bure vipi? Paa la uwanja wa Tropicana Field hapa kwetu liliraruka sehemu kubwa, mvua ilinyesha zaidi ya inchi 18, na kingetua kaskazini mwa ghuba yetu hayo maji yangekuwa juu ya ile meza yangu. Mimi sijutii hata saa moja ya zile 16.

Nilikaa kwa kaka siku sita. Siku ya kurudi akasema anakuja na mimi, akapakia jenereta na galoni za mafuta kwenye gari lake, akanifuata nyuma njia nzima. Tulipofungua mlango kwangu, mstari wa maji ya Helene ulikuwa bado upo ukutani, wa kahawia, umenyooka kama umepigwa rula. Kaka akausogelea, akaweka kiganja juu yake, akateremsha mkono wake mpaka kwenye goti lake. Akaniuliza, "usiku huo ulikuwa wapi?" Nikamwonyesha meza. Akaiangalia muda mrefu, halafu akatoka nje kuchukua nyundo, tukaanza na ukuta wa jikoni.