Usiku Nilipobonyeza Kitufe Bila Kusoma

Kwa miaka 14 nilikula mshahara wa kukodolea macho skrini. Kiwanda cha saruji, chumba cha udhibiti, viti vya kuzunguka, kiyoyozi kinachokulazimisha kuvaa sweta ukiwa pwani. Ndugu zangu kijijini waliamini nimepata kazi ya kulala, na ungepita kwenye kile kioo saa nane za usiku ungewaunga mkono: watu wawili wamekaa, vikombe vya chai mezani, mitambo inajiendesha yenyewe.

Mpwa wangu ameajiriwa juzi kwenye kazi ya namna hiyohiyo. Yeye si saruji, anasimamia pampu za maji. Swali lake la kwanza lilikuwa, "Mjomba, nitakaaje macho wakati hakuna kinachotokea?" Nilifurahi. Wengi huuliza watafanya nini mambo yakiharibika, na hilo mafunzo yatawafundisha. Hili la kwake halifundishwi na mtu, na ndilo lililoniangusha mimi.

Niwaeleze kidogo wasiojua saruji inavyopikwa. Unga wa mawe ya chokaa humwagwa juu ya mnara, ukashuka kupitia saikloni, yaani mapipa makubwa ya chuma yenye umbo la faneli, huku ukipishana na hewa ya moto inayopanda. Ukifika saikloni ya mwisho chini una nyuzi joto kama 850. Hapo ndipo unaingia kwenye tanuru linalozunguka, unapanda mpaka 1,450, unageuka klinka, yaani vidonge vigumu vinavyosagwa kuwa saruji. Sasa kila saikloni ina shingo nyembamba, na shingo ikiziba, unga wa juu unaendelea kuja na hauna pa kwenda. Sisi tulikuwa tunalisha tani 150 kwa saa. Piga hesabu: tani mbili na nusu kila dakika.

Ilikuwa saa tisa na kitu usiku, shifti yangu ya tatu ya usiku mfululizo. Kwenye kichujio cha vumbi kulikuwa na kipimajoto kimoja kilicholegea waya, na mtambo ukitikisika kidogo tu kinapiga alamu. Wiki ya tatu hiyo. Tii, tii, tii, mstari mwekundu chini ya skrini, bonyeza, kimya. Baada ya dakika mbili tatu, tena. Kidole changu kilishaijua ile kazi, hakikuwa kinaniuliza. Nilikuwa nabonyeza huku nabishana na mwenzangu kuhusu penalti ya Jumamosi.

Kati ya zile tii, moja haikuwa ya kichujio. Ilikuwa inasema presha kwenye shingo ya saikloni ya chini imepotea. Nikabonyeza.

Dakika 11 baadaye mwenzangu akaacha penalti katikati. "Kaka, mbona bomba la chini linapoa?" Lilikuwa linapoa kwa sababu hakuna kilichokuwa kinapita. Nikakata malisho pale pale, lakini zaidi ya tani 25 za unga wa moto zilikuwa zimekaa pale juu zikigandamana. Kuzizibua ni kazi ya mafundi kuvaa mavazi ya moto, kusimama kwenye matundu ya mnara na kuchokonoa kwa mabomba ya hewa, wakijua kwamba ule unga ukiamua kushuka hushuka kama maji. Ilituchukua saa 19. Hakuna aliyeungua. Lakini kwa zile saa 19 kila redio ilipokoroma nilihisi tumbo linapanda kifuani.

Kwenye kikao cha uchunguzi walisoma kumbukumbu za kompyuta. Alamu iliingia, sekunde mbili baadaye, opereta ameikubali. Ameikubali. Mimi niliyekuwa nimekaa pale nisingeweza hata kukwambia ilikuwa na rangi gani. Nikapewa barua ya onyo yenye neno "uzembe".

Sikubishana na barua, ila lile neno limenikaa vibaya mpaka leo. Mwaka 1948 Mwingereza Norman Mackworth alichapisha majaribio yaliyotokana na tatizo la wakati wa vita: watu waliokuwa wakitazama rada ndani ya ndege kusaka nyambizi walikuwa wanazikosa, ingawa wanajua kazi. Akawakalisha watu mbele ya kitu kama uso wa saa, mkono wake unasogea hatua ndogo ndogo, na mara chache sana unaruka hatua mbili kwa mpigo. Kazi yao ni kusema umeruka, basi. Kwa saa mbili. Ndani ya nusu saa ya kwanza tayari walikuwa wameanza kukosa baadhi ya miruko. Nusu saa! Sisi shifti ilianza saa 4 usiku ikaisha saa 12 asubuhi.

Na kuna mama mmoja mwanasaikolojia, Lisanne Bainbridge, aliyeandika mwaka 1983 jambo ambalo kila meneja angeandikiwa mlangoni: mtambo ukijiendesha humwondolea mtu sehemu rahisi ya kazi na kumwachia ile ngumu, na wakati huohuo unamnyima mazoezi ambayo yangemwezesha kuifanya. Ndiyo maana wale wanaosema "kompyuta imekupunguzia mzigo" huwa nawatazama tu. Mzigo haujapungua, umekusanywa. Saa saba hubebi kitu, kisha unatwishwa wote kwa dakika kumi.

Basi nilichomwambia mpwa wangu ni hiki: kazi yako ni ule utulivu. Dhoruba ikija ni matokeo ya ulivyokaa kwenye utulivu.

La kwanza nililolianza baada ya ile barua, soma alamu kwa sauti kabla ya kidole kugusa. Kwa sauti, midomo ifanye kazi. "Kichujio namba mbili, joto." Bonyeza. Mwanzoni wenzangu walinicheka, wakaniita muadhini. Lakini mdomo hauwezi kutamka kitu ambacho jicho halijasoma, na mwenzako wa kiti cha pili anasikia hata kama yuko kwenye simu. Ndani ya mwezi tulikuwa waadhini wawili.

La pili, bashiri kabla hujatazama. Kila nusu saa nilikuwa nafunika namba moja kwa kiganja na kujiuliza: mota ya tanuru inakula ampea ngapi sasa hivi? Nikisema 420 nikakuta 425, naendelea na chai yangu. Nikikuta 470, kuna kitu tanuruni kimebadilika na mimi kimenipita. Pengine ndani pamepanda joto, pengine tabaka limejijenga ukutani. Hakuna alamu iliyolia, na huenda isilie kwa saa nzima ijayo, lakini mimi nimeshaamka. Huu mchezo haukugharimu kiwanda hata shilingi na ndio ulioniokoa mara nyingi kuliko chochote kilichofungwa na wahandisi.

Nilirudisha pia daftari. Zamani opereta alikuwa anaandika vipimo kwa mkono kila saa. Kompyuta ilipokuja ikawa inahifadhi yenyewe, daftari likafa. Nikanunua langu la kaunta, nikawa naandika namba 12. Meneja aliniuliza kwa nini nafanya kazi ambayo mashine imeshaifanya. Nikamjibu, bosi, mashine inaandika lakini haishangai.

Na omba ruhusa ya kuendesha kwa mkono mara kwa mara, mtambo ukiwa umetulia na msimamizi yuko karibu. Mkono ambao haujashika usukani miaka miwili usitegemee utakumbuka saa tisa usiku.

Sasa dhoruba yenyewe. Umeme wa gridi ukikatika ghafla, skrini inajaa mistari myekundu kuliko unavyoweza kusoma, na kishawishi ni kuikimbilia mmoja mmoja kama mtu anayefukuza kuku. Usifanye hivyo. Mwaka 1994 kwenye kiwanda cha kusafisha mafuta cha Milford Haven, Wales, waendeshaji wawili waliletewa alamu 275 katika dakika 11 za mwisho kabla ya mlipuko. Hakuna binadamu wa kuzisoma hizo. Na kati ya yote, vali moja iliyokuwa imefunga ilionekana kwenye mfumo iko wazi, kwa hiyo hata anayesoma kwa makini alikuwa anadanganywa. Mimi nilibandika karatasi chini ya skrini yenye mambo matatu tu: moto na malisho yamekatwa? Tanuru linazungushwa na mota ya dharura? Watu wameshuka mnarani? Hilo la pili ni kwa sababu tanuru la moto likisimama tuli hupinda kwa uzito wake, na tanuru lililopinda ni hasara ya kiwanda kizima. Matatu hayo yakijibiwa, mengine yatasubiri. Andika yako ukiwa na akili timamu, mchana, umeshiba.

Kwa mabosi nina neno moja. Kuna mwongozo unaotumika sana viwandani, wa EEMUA, chama cha Uingereza cha watumiaji wa vifaa vya kihandisi, namba 191, unaosema alamu moja kwa kila dakika kumi kwa wastani ndiyo mtu anaweza kuibeba. Kwa shifti ya saa 8 hiyo ni 48. Usiku mmoja nilihesabu kwa penseli nikapita 200, na zaidi ya nusu zilitoka kwenye vifaa vitatu vibovu. Nikapeleka orodha kwa maandishi, nikabaki na nakala. Fundi wa vipimo alimaliza vyote vitatu kabla ya chakula cha mchana. Kile cha kichujio kilichonipa barua kilihitaji kukazwa skrubu. Ukipanda mabasi ya mikoani umekisikia kile kifaa kinacholia gari likivuka kilomita 80 kwa saa. Kikilia mara moja dereva anashtuka. Kikilia njia nzima, konda anaongeza muziki.

Kuhusu mwili sitasema mengi, maana kila mtu ana wake. Mimi chai nyingi ilinipa mikono ya kutetemeka na haikunipa macho. Kutoka nje nikazunguka mnara dakika kumi na kunusa hewa kulinisaidia zaidi. Baada ya usiku wenye msukosuko usiende moja kwa moja kitandani. Nilijaribu, nikawa naota tii, tii, mke wangu anasema kidole kinacheza juu ya shuka. Kaa kwanza barazani, kula, mwambie mtu kilichotokea hata kama haelewi saikloni ni nini. Na usikubali shifti ya nne ya usiku mfululizo kwa sababu ya posho. Nimeikubali mara nyingi, najua bei ya ada za shule, bado nasema usikubali.

Wiki iliyopita mpwa wangu alinitumia ujumbe wa sauti saa tano usiku, anauliza habari za shamba la mihogo. Katikati ya maneno nikasikia kitu kinalia nyuma yake. Akanyamaza, kisha kwa sauti ya chini, "Pampu namba mbili, presha ya kuingilia, chini." Kimya kidogo. Kitufe. Halafu akarudi kwenye mihogo. Nikamjibu kwamba mihogo haijambo, na kwamba kazini simu azime.