Mwenzako akubali mradi wa ndege: anza na hesabu

Umeuliza utamshawishi vipi mwenzako ukubaliwe kujenga ndege nyumbani. Mwekee hesabu yote mezani, si bei ya seti ya vipande peke yake. Injini, propela, vyombo vya rubani na rangi mara nyingi hupita gharama ya fremu yenyewe, na ugomvi mkubwa huanza pale gharama hizo zinapojitokeza katikati ya kazi. Muda nao usiufiche: ndege ya bati la alumini ya viti viwili huweza kula saa 1,500 hadi 2,500, yaani miaka ya jioni na wikendi. Kubalianeni siku ambazo karakana haifunguliwi kabisa.

Seti ikiuzwa kwa sehemu, nunua mkia kwanza. Ni sehemu ndogo, na mkiona hamuwezi mnaishia hapo kabla hamjaingia gharama ya injini.

Kwenye ribiti, yaani vipini vya chuma vinavyounganisha mabati, mwenzako atakufaa sana akipenda: mmoja anagonga ribiti kwa nyundo ya hewa, mwingine anakandamiza kipande cha chuma upande wa pili. Kikiinama, ribiti inapinda na lazima itobolewe, itolewe, iwekwe nyingine. Asipopenda, usimlazimishe. Epoksi (gundi ya kemikali) na vumbi la msasa visiingie sebuleni. Bima ya maisha iulizie mapema, maana baadhi hazilipi ajali za ndege binafsi.