Mche wa sabuni na futi iliyokatika

Mwanangu,

Ujumbe wako wa jana usiku nimeusoma mara mbili, na nilivyocheka jirani kagonga ukuta kuuliza kuna nini. Kumbe mume wangu, huyo mwanao, kachorewa mraba uliosimama kwa kona, kaulizwa ni umbo gani, kasema kishada, kapigwa kosa kwa wino mwekundu na kurudi nyumbani analia. Sasa wauliza umnunulie lile boksi la maumbo ya mbao uliloliona dukani au umfundishe mwenyewe, na umfundishe vipi, maana hukumbuki hata siku moja nimekukalisha chini nikakufundisha maumbo.

Sikukukalisha, kweli. Nilikuwa na cherehani na oda za watu. Lakini ulishika ncha ya pili ya kila kitambaa nilichokata mpaka ulipofika darasa la tatu. Hilo umelisahau?

Tuanze na kishada. Usimsahihishe kwa mdomo. Chukua leso ya mfukoni iliyo mraba, itandike mezani ikae sawa na ukingo wa meza, umuulize ni nini. Akisema mraba, mwambie ashike kona moja aizungushe polepole mpaka isimame kama kishada. Hapo muulize imeacha kuwa mraba wakati gani. Kisha unyamaze. Wewe huna subira ya kunyamaza, umemrithi baba yako, lakini jikaze. Mwache aikunje upande juu ya upande, aikunje tena kona kwa kona, aone mwenyewe pande zinavyolingana vyovyote utakavyoigeuza.

Halafu ujue kwamba mtoto hakukosea kote. Kata vikonyo vya majani ya mpapai, vile vilivyo wazi ndani kama mrija, vipande vinne vya urefu mmoja, pitisha uzi ndani yake ufunge. Mpe. Akivishika vizuri ni mraba. Akiviminya kidogo vinalala ubavu, na pande zote bado ziko sawa! Hicho sasa ndicho kishada chake. Hapo ataona kuwa pande nne zilizo sawa hazitoshi, lazima kona nazo zisimame wima. Kisha toa kipande kimoja, funga vitatu, mwambie aviminye. Havilali. Atavisukuma mpaka vikonyo vikunjike, pembetatu itakataa. Marehemu baba yako alikuwa akikuonyesha kenchi za paa na kukuuliza kwa nini fundi kajaza pembetatu tupu. Ulikuwa ukijibu, "Kwa sababu ni nzuri." Naye hakukwambia kuwa umekosea, alikupa vijiti ukajenge cha kwako.

Kuhusu boksi, pesa ni zako. Mwalimu mmoja wa chekechea niliyekuwa nikimshonea alinisimulia kuwa vitu vile vina mzee wake, Mjerumani aitwaye Friedrich Fröbel, aliyeanzisha shule yake ya watoto wadogo mwaka 1837. Aliwapa watoto mipira laini ya nyuzi, baadaye tufe, mcheduara ulio kama kopo, na mchemraba wa mbao, kisha mchemraba uliokatwa vipande 8 ambao mtoto anaubomoa na kuujenga upya. Nilipoyasikia hayo nikamwambia, mwalimu, mbona mimi sabuni naikata kila wiki?

Sikiliza maneno yenyewe. Shuleni wanasema mche mstatili, na dukani unasema nipe mche wa sabuni. Ni neno lile lile. Pia ya kitabuni, lile umbo lenye ncha moja na kitako cha duara, ni pia ile ile waliyokuwa wakiichezesha kaka zako uani. Pembe zinapimwa kwa nyuzi, na nyuzi ni kazi yangu. Mtoto wa Kiswahili anapewa maneno haya kama mageni kumbe ameshayashika mkononi. Basi mpe mche wa sabuni ya kufulia na uzi imara, mkate pamoja mpaka mpate vipande vilivyo sawa kila upande. Hiyo ndiyo michemraba. Ajenge ukuta, ajenge kisima, ahesabu vingapi vimejificha nyuma asipoviona. Mkimaliza mnafulia. Mbao hazifui nguo.

Kwenye kupima, usianze na rula. Mwambie apime upana wa mlango kwa shubiri. Yeye atapata 6, wewe utapata 4, na ugomvi utaanza. Usiuamue. Mwache atafute njia: labda mtatumia shubiri za mtu mmoja, labda mtakata kamba. Kamba hiyo hiyo itumie kwa jambo jingine. Anyooshe mikono yote miwili, ukate kamba kutoka ncha ya kidole hadi ncha ya kidole, kisha alale chini umpime nayo utosi hadi kisigino. Zitakaribiana mno, naye atataka kumpima kila mtu nyumbani hadi mgeni. Urefu huo wa mikono miwili ndio pima ya wavuvi, na pima ya mtu mzima ni mikono minne ya kupimia, ule wa kiwiko hadi ncha ya kidole.

Maji na vibaba hayana maelezo mengi. Mwache amimine kutoka chupa nyembamba kwenda bakuli pana. Atasema chupa ilikuwa na mengi kwa kuwa ni ndefu. Mwache aseme, umuulize tena mwakani.

Siku mtakayofika kwenye rula, angalia anaanzia wapi. Wengi wanaanzia kwenye 1, kwa sababu kuhesabu kunaanzia moja. Usimcheke. Nilipokuwa mwanafunzi wa ushonaji fundi wangu alipima wateja kwa futi yake nzuri, ule utepe wa kupimia, akaandika kwenye daftari, mimi nikapewa ya zamani ya kukatia kitambaa. Ilikuwa imechakaa ikakatika inchi ya kwanza. Nikakata suruali ya bwana harusi kiuno inchi 34 kama ilivyoandikwa, na kumbe nimekata 33. Fundi alinifokea mbele ya wateja. Ile siku ndipo nilipojua kwamba ninachohesabu kwenye futi ni nafasi kati ya mistari, siyo mistari.

Futi ile ninayo mpaka leo. Nimeifunga kwenye bahasha kwa ajili ya mume wangu na nitaituma kwa basi la kesho asubuhi, pamoja na vitambaa vya mabaki. Usimwambie ina nini. Mwambie apime meza kwa futi hiyo, kisha apime kwa rula ya shule, unipigie simu nimsikie mwenyewe anavyolalamika.

Mama yako