Umenyimwa viza ya ulinzi Australia? Mahakamani hawasikilizi kisa chako upya

Administrative Review Tribunal (ART), baraza linalopitia upya uamuzi wa serikali wa kukunyima viza ya ulinzi (ile ya wanaoomba ukimbizi) na lililochukua nafasi ya baraza la zamani la AAT Oktoba 2024, likikukatalia ombi lako, angalia tarehe kabla ya kitu kingine chochote. Una siku 35 za kufungua maombi ya mapitio katika Federal Circuit and Family Court, na zinahesabiwa tangu tarehe iliyoandikwa kwenye uamuzi, si siku uliyofungua barua pepe. Uamuzi wa tarehe 3 Machi ukikufikia tarehe 7, siku ya mwisho bado ni 7 Aprili. Aliyechelewa anaweza kuomba kuongezewa muda, kwa maandishi na kwa sababu nzito. Kusema tu kwamba hela ya wakili ilikosekana mara nyingi hakutoshi.

Wengi huja na picha mpya na barua za majirani kutoka nyumbani. Hakimu hapimi kama uko hatarini, wala hana uwezo wa kukupa viza. Anauliza kama baraza lilivunja sheria lilipoamua, yaani kama lilifanya kosa la kimamlaka. Akiliona, hufuta uamuzi na kesi hurudi barazani kusikilizwa tena.

Kwa hiyo soma uamuzi aya kwa aya, kalamu mkononi. Kwenye karatasi andika kila hofu uliyoitaja, halafu tafuta aya iliyoijibu. Mtu wa Uvira akisema anaogopa kwa ajili ya kabila lake na pia kwa sababu kaka yake yuko upinzani, kisha baraza likajibu la kaka na kunyamaza kuhusu kabila, hapo pana hoja. Vilevile kama lilitumia taarifa mbaya dhidi yako bila kukupa nafasi ya kuijibu pale sheria inapotaka upewe. Lakini "hawakuniamini" si hoja, hata ukiiandika kurasa kumi. Na kosa lenyewe lazima liwe lingeweza kubadili matokeo.

Sisi wasema Kiswahili tuangalie sana ukalimani. Umesema "walikuja saa mbili usiku", mkalimani akasema kwa Kiingereza "2 am", yaani saa nane za usiku, kwa sababu amesikia "mbili" tu. Fomu yako ya awali ina saa mbili, na tayari unaonekana mwongo. Au "ndugu" akawa kaka wa kuzaliwa, kumbe ulimaanisha binamu. Omba rekodi ya sauti ya kikao na upate mtafsiri mwenye cheti aandike hati ya kiapo akionyesha dakika na neno lililopotoshwa. Kisha onyesha aya ambamo baraza lilitumia tofauti hiyo kukukataa. Bila kiungo hicho, tafsiri mbovu hubaki lawama tu.

Unawasilisha fomu ya maombi na hati ya kiapo iliyoambatanishwa nakala ya uamuzi. Waziri wa uhamiaji ndiye mjibu maombi wa kwanza, baraza la pili. Mwenye hali ngumu huweza kuomba punguzo la ada. Wakala wa uhamiaji asiye wakili hawezi kukusimamia mahakamani, na wakili naye lazima athibitishe kwa maandishi kwamba kesi ina msingi. Akikataa kutia saini, muulize sababu badala ya kukimbilia mwingine. Mara nyingi anakuokolea pesa: ukishindwa, kwa kawaida hulipa gharama za waziri, maelfu ya dola.

Viza yako ya muda (bridging visa), inayokuruhusu kubaki nchini wakati ukisubiri, haijirefushi kwa sababu umefungua kesi. Omba nyingine kabla ile haijaisha, na ikitoka soma masharti yake upya, hasa ruhusa ya kufanya kazi.

Ukishindwa, una siku 28 za kukata rufaa Federal Court. Jina lako halitachapishwa kwenye hukumu. Utaitwa kwa herufi na tarakimu, kwa hiyo watu wa nyumbani hawatakupata kwa kutafuta jina lako mtandaoni.