Kwa mnaoanza uandishi: nilivyofika kwenye kutetea lugha mbili

Nilianza Arusha kama korespondenti wa kulipwa kwa stori. Asubuhi mahakamani, mchana AICC, ule ukumbi wa mikutano ya kimataifa, kwenye mikutano ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, jioni kuhangaikia intaneti ya kutumia habari. Vijana huniuliza nilipitia njia gani hadi nikawa mtu wa kuitwa kwenye mijadala ya lugha, kutetea Kiswahili na Kiingereza vitumike pamoja mahakamani na shuleni. Nilipitia kwenye kosa.

Ilikuwa kesi ya mpaka wa shamba la kahawa, na uamuzi ulisomwa kwa Kiingereza. Sasa, Kiingereza kina neno moja, "execution", linalobeba kumnyonga mtu na kutekeleza hukumu, hata ya madai. Nami nina haraka. Nikaandika kwamba mahakama imesimamisha kunyongwa kwa mzee mmoja wa Usa River. Mhariri wa zamu akapitisha. Kesho yake mwanawe akanipigia: "Mwandishi, baba yangu amemuua nani?"

Gazeti liliomba radhi kwa mistari miwili. Mimi nilipanda daladala nikaenda kwa mzee mwenyewe. Alinipokea vizuri kuliko nilivyostahili, akaniagizia chai, halafu akaniuliza taratibu: "Hebu mwanangu, pale walisema nini hasa?" Kumbe naye alitoka mahakamani na maneno ya wakili tu, kwamba "tumepata nafuu." Mwenye kesi na mwandishi tulikaa chumba kimoja, na hakuna aliyetoka na uamuzi.

Tangu siku hiyo nina daftari. Kushoto naandika neno la mahakama au la mkutano, kulia namna mwananchi alivyolisema. Anzeni nalo mapema. Hotuba zangu zote zimetoka humo. Mwaka 2021 sheria ilipobadilishwa na Kiswahili kuwa lugha ya mahakama, wenzangu walitafuta maoni, mimi nilikuwa na kurasa za mifano.

Someni pia maandishi yenyewe. Kwa miaka nimesikia watu wakiapa kwamba Kiswahili kilikuwa lugha rasmi ya Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu mwanzo. Ibara ya 137 ya Mkataba wa 1999 ilikitaja Kiingereza kuwa lugha rasmi. Kiswahili kiliahidiwa kukuzwa kiwe lugha ya mawasiliano mapana. Wakuu wa Nchi waliridhia kukiingiza, pamoja na Kifaransa, mwaka 2021. Ukikosea hilo mbele ya ofisa wa Jumuiya, hoja yako imekwisha.

Mtaambiwa mnakipiga vita Kiingereza. Mimi nakitaka sana. Ninachokataa ni mtoto aliyeijua usanisinuru kwa Kiswahili kufika kidato cha kwanza akaonekana mjinga kwa sababu masomo yamegeuka Kiingereza na imebadilishwa jina. (Na huku kwetu tukisema lugha mbili tunapunja, maana Kimeru na Kichaga vipo mezani.)

Jambo gumu lilikuwa ofisini. Huwezi kuwa jukwaani Jumamosi na Jumatatu ukaripoti mjadala uleule kana kwamba hukuwepo. Nilimwambia mhariri, nikaziacha habari za elimu, na kipato kikashuka. Bahasha za semina, yaani posho wanazopewa waandishi, pia niliacha. Nauli yangu nalipa mwenyewe, labda chakula nitakula.

Mkialikwa na wazazi Tengeru, msikubali Jumamosi. Ni siku ya soko, mtahutubia viti.